Alisema Choma, Hakusema Gawa

Kazi yangu maisha yote ilikuwa kutunza karatasi za watu wengine. Nilikuwa karani wa masjala, yaani kile chumba cha ofisi ambamo mafaili yote hulala, na ambacho kila mtu hukidharau mpaka siku anapotafuta kitu. Siku hiyo ndipo utamwona mkubwa mzima anakuja mlangoni kwako, tai imelegea, anakuita "dada yangu mpenzi". Siku nyingine zote wewe ni "yule mama wa huko nyuma".

Ofisi yetu ilikuwa Mtwara mjini, upande wa Ufukoni, na shughuli yake ilikuwa korosho: kuzinunua vijijini, kuzipima, kuzihifadhi na kuzisafirisha. Jina lake naliacha, maana imeshakufa na maiti hasemwi vibaya. Lakini marehemu alikuwa na tabia moja, naomba niiseme kisha nimwache apumzike. Alikuwa hajui kutupa. Nilipoingia kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuta faili nene kuliko mto wa kulalia, juu yake limeandikwa "Mambo Mengineyo". Ndani mlikuwa na kadi za mchango wa harusi, ratiba ya mechi yetu na ofisi ya jirani, stakabadhi ya kandili, na barua ya mtu aliyelalamika kwamba jogoo wa mlinzi anawika wakati wa vikao. Jogoo huyo alikuwa ameshaliwa siku nyingi, na wale wa harusi walikuwa wameshaachana. Nikauliza, sasa hivi vinakaa humu vya nini? Nikajibiwa, "Vitahitajika."

Mimi nilikuwa na msimamo wangu, na ninao mpaka leo. Karatasi ina umri wake kama binadamu. Ipo ya kukaa kidogo ikaenda zake, ipo ya kungoja mpaka hesabu zikaguliwe, na ipo ya kukaa siku zote, kama za ardhi na za watumishi, maana mtumishi naye ni mtu, atazeeka, atataka kustaafu, atakufa, na watoto wake watakuja kuuliza. Kutupa karatasi si dhambi. Dhambi ni kutupa usichokijua. Unaandika orodha, mkubwa anaisoma na kutia saini, inachomwa mbele ya shahidi, na ile orodha ndiyo unayobaki nayo. Ni hivyo tu, wala si elimu ya mwezini. Nililisema hili kwenye vikao mpaka ikawa wenzangu wakiona nimenyanyua mkono, wanaagiza chai.

Aliyenisikiliza alikuwa tarishi wetu peke yake, na hata yeye nadhani alinisikiliza kwa adabu tu. Alikuwa mtu wa makamo ya baba yangu, Mmakua, wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaanza kulima upande huu. Yeye alikaa Mtawanya. Barua zote za ofisi zilipita kwenye baiskeli yake, na alikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyemwandikia. Barua anapewa mwenyewe, mkononi, pale anapokaa, na anasaini kitabu cha dispachi kwamba amepokea. Ukikutana naye njiani ukamwambia, "Mzee, si hiyo ni yangu, nipe hapa hapa," hakupi. Afisa mmoja alimkuta mbele ya bucha na kumwomba barua yake, Mzee akakataa, akamfuata nyuma nyuma mpaka ofisini kwake, akamsubiri akae kitini, akatoka nje, akapiga hodi, ndipo akampa. "Barua ina mlango wake," alisema. Yule afisa alikuja kutushitakia, tukamwambia pole.

Sasa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukaletewa meneja mpya kutoka bara. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa kuvaa suti kamili katika joto la Mtwara, kwa hiyo mpimeni wenyewe. Alikuja na habari moja kubwa: kompyuta inakuja. Alilisema neno hilo kwa namna ambayo watu wengine husema mgeni wa heshima anakuja. Ikabidi kompyuta itafutiwe chumba, na chumba chenyewe kikaonekana ni stoo ya nyuma ya masjala.

Humo stoo, sikilizeni vizuri, mlikuwa na makaratasi ya zamani ya vijijini, na pia mlikuwa na mafaili ya watumishi wote wa ofisi. Tulikuwa tumeyahamishia humo kwa sababu makabati ya mbele yalikuwa yameshaonjwa na mchwa. Meneja mwenyewe ndiye aliyeridhia tuyahamishe, ila aliridhia huku anazungumza na simu, na mtu akiridhia huku anazungumza na simu, hajaridhia, amekuondoa tu mbele yake.

Na mimi nilikuwa wapi? Nicheke au nilie? Nilikuwa Dar es Salaam, nimepelekwa na huyo huyo meneja kwenye mafunzo ya utunzaji wa nyaraka. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimeshika kalamu mpya, mwalimu anatuambia kwamba nyaraka haziteketezwi bila orodha, nami natikisa kichwa kwa furaha, kumbe nyumbani moto umeshawaka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Haya niliyasikia baadaye kwa katibu muhtasi, dada mmoja ambaye mambo yote ya ofisi yalipita masikioni mwake. Meneja alifungua mlango wa stoo, vumbi likamkaribisha, akapiga chafya, akarudi nyuma akijifuta suti. Akamwambia tarishi, "Mzee, hizi za zamani zote choma. Nataka chumba kitupu." Akaenda zake. Hakuingia ndani hata hatua.

Mzee akabaki na yale makaratasi, na dhamiri yake ikamsumbua mara mbili.

Kwanza, katika yale ya vijijini mlikuwa na mafungu yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Makarani wa zamani wa mizani huko njia ya Nanyamba hawakupita shule, walipita chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na mtu wa chuoni hata akiandika kwamba gunia limetoboka, ataanza na Bismillahi juu ya ukurasa. Mzee aliiona ile Bismillahi. Kuchoma haikuwezekana, na kuyaweka chini yakakanyagwa ni astaghfirullah. Akayafuta vumbi moja moja, akayafunga kwenye kitambaa cheupe, akayaweka mahali pa juu kuliko pote ofisini, yaani juu ya kabati la meneja. Nilipokuja kuyasoma, maana na mimi nimepita chuoni, nilikuta habari za kamba zilizonunuliwa, mbuzi aliyeingia ghalani, na mpimaji aliyechelewa kwa sababu ya tumbo. Ofisi nzima ikapoteza kumbukumbu zake, lakini tumbo la yule mpimaji limehifadhiwa kwa heshima zote.

Pili, yale mengine, ya herufi za kawaida, Mzee aliyaona kuwa ni karatasi nzuri, imara, nyingine zimeandikwa upande mmoja tu. Kuchoma kitu kinachofaa ni israfu, na yeye alikuwa mtu wa kuogopa israfu. Jirani yake Mtawanya alikuwa mama mjane anayeuza karanga stendi, naye kila siku alihangaika na karatasi za kufungia. Basi Mzee akapakia mafaili kwenye baiskeli, akampelekea bure, kwa thawabu. Chumba kikawa kitupu, mjane akashukuru, na meneja akasema, "Safi sana."

Mimi nilirudi siku chache baadaye, kwa basi lililokwama matopeni mpaka tukashuka kulisukuma. Nikatua stendi ya Mtwara nimechoka, njaa inauma, cheti changu cha mafunzo kipo kwenye bahasha kwapani. Nikanunua karanga. Karatasi ilikuwa imesokotwa vizuri mfano wa pembe. Nikala, nikamaliza, nikaikunjua kutafuta zilizobaki chini, nikaona mwandiko. Nikautazama. Nikasema, huu mwandiko naujua. Ulikuwa wangu! Na pembeni kuna muhuri wetu mwekundu, SIRI, umejaa chumvi.

Yarabi! Nikanunua pakiti nyingine, nikazimwaga karanga kwenye kanga: fomu ya likizo ya mhasibu. Nyingine: mlinzi anaomba buti. Mama wa karanga alifurahi, akadhani nimezipenda.

Ofisini nilikuta mambo yameshaharibika. Mji wetu ni mdogo na karanga zinaliwa na kila mtu. Kwenye kijiwe cha kinyozi walikuwa wameshaisoma kwa sauti barua ya meneja mwenyewe, ya kuomba ruhusa ya ghafla "kwa kuwa mama mkwe amewasili bila taarifa na hali ya nyumbani si shwari". Kila alipopita mtu anamuuliza, kwa upole kabisa, "Bosi, hali ya nyumbani shwari?" Mke wake alikuwa hajui kwamba barua hiyo iliwahi kuandikwa. Akajua.

Hapo meneja akawaka. Akaitisha kikao cha nidhamu, na neno likaenea kabla ya kikao: Mzee atafukuzwa kazi kwa kuiba nyaraka za ofisi. Hapa mzaha wangu naomba niuweke pembeni kidogo. Yule mzee alikuwa amebakiza muda mchache astaafu, arudi kwenye mikorosho yake. Huko Mtawanya yeye ndiye aliyekuwa akiachiwa funguo za nyumba na watu wakisafiri. Kutoka ofisini kwa kufukuzwa, kwa jina la mwizi, kwake ilikuwa ni afadhali kufa. Mkewe aliacha kwenda bombani kuchota maji, anamtuma mtu, kwa sababu ya maneno. Roho iliniuma kwelikweli.

Kikaoni tulikuwa meneja, mhasibu, katibu muhtasi anayeandika, na mimi. Mzee aliambiwa akae, akakataa, akasimama na kofia yake mkononi.

"Mzee," meneja akasema, "mimi nilisema choma. Sikusema gawa. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli, bosi."

"Sasa kwa nini uligawa?"

"Bosi ulitaka chumba kitupu. Kikawa kitupu."

Mhasibu akakohoa. Mimi nikanyanyua mkono, na siku hiyo hakuna aliyeagiza chai. Nikauliza, "Na orodha ya vitu vya kuchoma iko wapi? Nani alitia saini?"

"Mama, wewe hukuwepo," meneja akanijibu.

"Sikuwepo, bosi, kwa sababu ulinituma nikafundishwe kwamba jambo hili halifanywi. Cheti ninacho hapa." Nikakiweka mezani. "Kama angechoma kama ulivyomwambia, leo tungekuwa hatuna hata harufu. Angalau kwa karanga tunajua tulichopoteza."

Mhasibu akaingia ndani ya leso yake. Meneja akageuka rangi, lakini hakurudi nyuma, akasema mtu ameshachafua jina la ofisi na lazima aondoke. Kisha akasema maneno ambayo alijuta: "Leta faili lake, tuone barua yake ya ajira inasemaje."

Nikamwambia, "Faili lake lipo stendi, bosi. Limebeba karanga."

Tukaenda kweli, mimi na katibu muhtasi, mpaka kwa yule mjane. Maskini alikuwa ameogopa, akatutolea kila kipande kilichobaki chini ya kitanda. Tukapata nusu ya mhasibu, robo ya mlinzi, na picha yangu ya pasipoti nikiwa msichana. Ya Mzee haikuwepo hata moja. Tukarudi kumuuliza mwenyewe kama ana nakala nyumbani ya barua ya kuajiriwa. Akasema hakuwahi kupewa. "Aliyeniajiri alinipa baiskeli, akaniambia nenda." Faili lake lilikuwa la fomu tu za likizo na za sare, na sasa zimekwenda.

Meneja akabaki ameshika kichwa. Utamfukuzaje mtu ambaye kwenye karatasi hayupo? Utamwandikia nini, tangu lini, kwa cheo gani? Alipiga simu kwa mwanasheria, akarudi amenywea. Akasema kufukuza tuache, atapewa barua ya onyo, na suala lifungwe. Tukashusha pumzi.

Mimi nikakimbia kumpa Mzee habari njema. Nilimkuta nyuma, anapanguza baiskeli ambayo haikuwa na vumbi. Nikamwambia, "Mzee, unabaki kazini! Huna faili, kwa hiyo hawawezi kukugusa!" Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kupanguza, halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, sasa kama faili halipo, mimi siku zote hizo nilikuwa wapi?"

Mimi mtu wa cheti, mtu wa orodha na saini, nilimwacha pale na baiskeli yake. Nilienda masjala nikafunga mlango, nikalia kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani zaidi.

Barua ile ya onyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye kompyuta. Meneja aliichapa mwenyewe, kwa kidole, mlango umefungwa, karibu asubuhi nzima. Katibu muhtasi akaitia kwenye bahasha, akaandika jina, akaiweka kwenye trei na kitabu cha dispachi juu yake, kama barua nyingine yoyote. Hakufikiri. Na tarishi tulikuwa naye mmoja.

Mzee akaja kuchukua barua zake. Akaisoma ile bahasha polepole, kidole kinafuata herufi. Akairudia. Kisha akatutazama sote.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akasema, kwa aibu kidogo, "Ni yako, Mzee. Fungua tu hapa hapa."

"Samahani bosi," Mzee akajibu. "Mwenye barua anakaa Mtawanya."

Akaitia kwenye mkoba, akatoka. Sote tukakimbilia dirishani, na meneja na suti yake, tukamwona anapanda baiskeli na kuondoka kwa mwendo ule ule wa siku zote, wala haharakishi. Katibu muhtasi alicheka mpaka akakaa chini. Meneja akasema, "Huyu mzee ananitania au hanitanii?" Hakuna aliyejua. Mchana Mzee akarudi na kitabu. Mahali pa aliyepeleka palikuwa na saini yake. Mahali pa aliyepokea palikuwa na saini yake tena, ila hii ya pili aliiandika kwa madaha, kama mtu aliyevalia sikukuu. "Amepokea," akamwambia meneja, akaenda kunywa maji.

Usiku ule niliwaza sana juu ya nyumba ile ya Mtawanya, mtu anasoma onyo lake mbele ya mkewe. Nilitegemea kesho yake atakuja amevunjika, au asije kabisa.

Alikuja na kanzu. Kanzu nyeupe, ya Idi, imepigwa pasi, katikati ya wiki. Hakwenda kwa meneja, alikuja moja kwa moja masjala, akapiga hodi ijapokuwa mlango ulikuwa wazi. Akatoa ile barua, haijakunjwa hata pembe, ameiweka katikati ya kadibodi mbili.

"Mwanangu, nakuomba uifungulie faili," akasema. "Kwangu mchwa wataila."

Nikamwambia, "Mzee, hii ni barua ya onyo. Wengine huzichoma."

"Najua ni onyo. Nimesomewa na mjukuu na nimesoma mwenyewe." Akakaa kwenye kibao changu cha kupandia makabati. "Barua nimezibeba, mwanangu. Nimezibeba mpaka matairi yanaisha. Zote za watu. Hii ndiyo ya kwanza kuandikiwa mimi."

Nikachukua jalada jipya. Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, nikaitoboa barua kwa uangalifu, nikaifunga kwa uzi, nikaandika namba moja kwenye kona. Nilipoinua uso nikamwona meneja amesimama kizingitini, sijui tangu saa ngapi, bila koti.

Mzee naye alimwona, hakusimama. "Nisomee," akaniambia.

Nikasoma. "Ukiwa mtumishi wa siku nyingi na mwaminifu wa ofisi hii, inasikitisha kwamba umetenda kosa kubwa la..."

Akanyanyua kiganja. "Rudi hapo mwanzo."

"Ukiwa mtumishi wa siku nyingi na mwaminifu wa ofisi hii..."

"Tena."

Nikasoma tena, neno kwa neno. Meneja alikuwa anatazama sakafu. Mzee alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, anatikisa kichwa kidogo kidogo kama mtu anayesikia habari za jamaa yake aliyepotea. Nikashika ukurasa ili niendelee.

"Basi, inatosha," akasema. "Huko kwingine ni kwa bosi. Kwangu ni hapo."